Leo Amechinja Nani? Bucha za Embu Kabla ya Friji

Aliyetaka nyama mjini Embu, au katika masoko ya Runyenjes, Manyatta na Siakago, miaka ya 1960 na 1970 alihitaji kujua mambo mawili kabla ya kushika kikapu: leo amechinja nani, na amechinja nini. Friji haikuwapo. Ng'ombe aliyeangushwa alfajiri alipaswa kuwa ameisha kesho yake jioni, na kila mtu sokoni alilijua hilo, mwenye bucha akilijua kuliko wote kwa kuwa hasara ilikuwa yake. Ndiyo maana habari za nyama zilitembea haraka. Mtoto aliyetoka kupeleka maziwa asubuhi aliona mapaja yamening'inia dirishani, na kabla chai haijapoa nyumbani mama yake alikuwa ameshaamua kama leo ni sukuma wiki peke yake au sukuma wiki na nyama.

Naandika haya kwa sababu kizazi kinachonunua nyama ndani ya trei, imefunikwa karatasi ya plastiki na kubandikwa bei, kinaanza kuamini kwamba wazee wake walikula tu chochote walichouziwa. Wanakosea. Bucha ya zamani ilikuwa na utaratibu mkali, na nguvu ya utaratibu huo ilitoka mahali pamoja: karibu kila hatua ilifanyika mbele ya macho ya watu.

Kuuza nyama kwa mizani si jambo la kale katika nchi ya Waembu na Wambeere. Kwa mababu, mbuzi au fahali alichinjwa kwa sababu maalumu: mahari, tohara, kikao cha wazee, kafara, mgonjwa wa kuuguzwa. Nyama iligawanywa, haikupimwa. Kiungo hiki cha wazee, kile cha wanawake, kingine cha vijana waliochinja, na aliyekula kisichokuwa chake aliulizwa. Mwaka 1906 Waingereza waliwashinda Waembu kwa msafara wa kijeshi na kuweka kituo chao mahali ulipo mji leo. Kituo kikaleta askari, makarani, vibarua na wafungwa, watu waliokaa mbali na mazizi yao na wengi wao wakila kwa mshahara. Nyama ya kununua ilianza na watu wa aina hiyo. Kuanzia mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliunda mabaraza ya wenyeji, na masoko ya vijijini yakawa chini ya mabaraza hayo. Kisha vikaisha Vita vya Pili vya Dunia, na wanaume waliorudi kutoka Burma na kwingineko wakiwa na akiba yao ya jeshi wakafungua maduka, hoteli za chai na bucha katika masoko yote yanayozunguka Mlima Kenya. Bucha nyingi za ukuta wa mawe na paa la mabati ambazo bado zimesimama masokoni zilifuata ramani iliyozoeleka wakati huo: chumba kimoja mbele, kingine nyuma, dirisha pana katikati.

Mnyama mwenyewe alitoka chini. Anayeijua Embu anajua kwamba nchi hii inateremka: juu kabisa, ukingoni mwa msitu, kuna chai, chini yake kahawa, halafu ardhi inakauka hadi Mbeere, nchi ya migunga, mtama na mbuzi. Familia za juu zilifuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, ambao hakuna aliyewachinja ila walipozeeka. Fahali wa nyama na mbuzi walitoka Mbeere, kupitia minada ya Siakago, Kiritiri na Ishiara, na hadi leo mlaji wa Embu akitaka kusifu mbuzi husema ni wa Mbeere. Kabla ya malori walitembezwa kwa miguu, na mchungaji alibeba kibali cha idara ya mifugo mfukoni. Ugonjwa wa midomo na miguu ukizuka mahali, vibali vilisimamishwa, mnada ukafungwa, na bucha za juu zikakaa na kulabu tupu kwa wiki kadhaa.

Kichinjio kilikuwa sakafu ya saruji yenye mteremko, mfereji wa damu, paa, na vyuma vya kutundikia. Kazi ilianza gizani kwa taa ya karabai. Aliyeshika kisu cha kuchinja, Embu kama sehemu nyingine nyingi za Kenya, alikuwa Mwislamu, ili nyama iwe halali kwa kila mnunuzi. Mwenye bucha aliweza kuwa Mkatoliki au Mwanglikana anayeongoza kwaya, lakini kwenye kisu alimpisha mzee wa Kiislamu kutoka mjini, na ahadi hiyo isiyoandikwa popote imedumu vizazi kadhaa bila ugomvi. Naiona kuwa moja ya mambo ya heshima kabisa ambayo miji yetu midogo imeyajenga yenyewe.

Baada ya kuchinja ilifuata kazi ya ngozi, na hapa kijana mgeni hakuruhusiwa kugusa kitu. Ngozi ilikuwa sehemu ya faida. Kisu kikiteleza kikaacha tundu au mkwaruzo upande wa ndani, ngozi ilishuka daraja, na mnunuzi alilipa nusu ya bei. Ilivuliwa polepole kwa ngumi zaidi ya kisu, ikaoshwa, kisha ikawambwa kwa kamba kwenye fremu ya miti, kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja huipika ngozi. Ikifika kiwandani na kulowekwa huvunjika. Wafanyabiashara walipita kuzikusanya zikapelekwa kwenye viwanda vya ngozi, vikiwamo vya Thika. Kichwa, miguu, matumbo, maini na ngozi ndivyo vilivyomwachia mwenye bucha kitu cha mfukoni. Nyama yenyewe mara nyingi ilirudisha tu gharama ya ng'ombe.

Hakuna kilichotoka kichinjioni kabla ya mkaguzi kufika. Alikuja na kisu chake mwenyewe na buti za mpira. Nawaomba wasomaji wamtazame kwa makini mtu huyu, maana ndiye aliyebeba usalama wa soko zima na hakuna aliyempigia makofi. Alianza kichwani: akapasua misuli ya taya, akaugeuza ulimi na kuukandamiza kwa kidole gumba. Akaufungua moyo. Alikuwa anatafuta malengelenge madogo meupe, viluwiluwi vya tegu, ambavyo mtu akivila kwenye nyama isiyoiva vizuri huota tumboni mwake mnyoo wa mita kadhaa. Akahamia kwenye ini, akakata mirija ya nyongo na kuibana kuona kama watatoka minyoo bapa. Akayapapasa mapafu yote mawili, akipasua tezi zilizo kando yake kwa hofu ya kifua kikuu. Ini lililokataliwa halikurudishwa kwa mwenyewe. Lilikatwakatwa, likamwagiwa dawa na kutupwa shimoni, huku mwenye ng'ombe akitazama fedha zake zikizama. Ikiwa mwili umepita, ulipigwa mhuri wa wino kuanzia paja hadi bega. Mwaka 1972 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Nyama, sura ya 356, iliyoweka kanuni za vichinjio, ukaguzi na usafirishaji, lakini jicho na kidole cha mkaguzi vilikuwa vinafanya kazi tangu zamani. Wino huo tuliufahamu sote utotoni. Kipande cha mafuta chenye mhuri kilipoangukia sufuria ya nyumbani kwetu hakikutupwa. Mama alisema hiyo ndiyo risiti.

Kutoka hapo nyama ilipanda baiskeli. Sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe nje na kuwekwa bati ndani lilifungwa nyuma ya tandiko, mfuniko ukabanwa, na mpandaji aliyevaa koti jeupe akakazana na vilima vya Embu kabla jua halijakolea. Matumbo yalisafiri peke yake kwenye ndoo. Siku hizi sanduku hilohilo liko juu ya bodaboda.

Ndani ya bucha, kitu cha kwanza kilikuwa gogo. Lilikuwa kipande cha mti mgumu, kimefika kiunoni, kimesimama kwa miguu mitatu au kukaa chini kwa uzito wake. Miaka ya shoka ililichimba katikati hadi likawa kama bakuli, na mkataji mzuri alijua kuzungusha kazi pembeni ili lisiishe upande mmoja. Jioni lilikwanguliwa kwa panga mpaka mti mweupe uonekane, likamwagiwa chumvi ya mawe na kuachwa usiku kucha. Nimesikia watu wakilicheka gogo hilo kwa jina la usafi, na maafisa wa afya wana haki ya kutaka meza zinazooshwa. Hata hivyo gogo lililokwanguliwa kila jioni na kutiwa chumvi lilitunzwa kuliko meza nyingi za chuma ninazoziona zikipanguswa kwa kitambaa kilekile asubuhi hadi usiku.

Kitu cha pili kilikuwa mizani. Nyingi zilikuwa Avery za sahani mbili, mawe ya shaba au chuma upande mmoja na nyama upande wa pili, na maafisa wa vipimo walizikagua na kuzigonga alama. Wazee walianza na ratili. Kilo ikaingia Kenya ilipohamia vipimo vya metriki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda mrefu akina mama waliendelea kuhesabu kwa ratili kichwani. Mteja alisimama ana kwa ana na sahani. Aliangalia mshale, na aliangalia kidole cha mkataji pia. Mizani iliyosomwa na watu wawili kwa pamoja ni vigumu kudanganya, ingawa walikuwapo waliojaribu, na soko lilikuwa na njia yake ya kuwaadhibu: dirisha lao lilikaa bila mtu siku ambayo jirani yao alikuwa na foleni.

Ukataji wetu haukuwa na majina kumi na mawili ya sehemu za ng'ombe. Kulikuwa na nyama ya mifupa, kulikuwa na steki, basi. Kwa sababu bei ilikuwa moja kwa mapaja, mbavu na shingo, ufundi wote ulikuwa katika kugawa. Mkataji mbaya aliwaridhisha wateja wa asubuhi kwa mapaja matupu, ikifika jioni amebaki na shingo na kifua ambavyo hakuna anayevitaka. Mkataji hodari alimshusha ng'ombe sawasawa, kila kilo ikipata nyama laini, kipande cha mfupa wenye uboho na mafuta kidogo, hadi mtu wa mwisho saa kumi na mbili jioni akapata kitu kinachofanana na cha yule wa kwanza. Alifanya hivyo huku akijibu salamu. “Mama Muthoni, leo wageni?” Mama Muthoni akisema ni wageni, mbavu zilitokea. Akisema ni watoto tu, alipewa mfupa mkubwa wa supu juu ya robo yake, bila kuomba. Nyongeza hiyo haikupimwa, na mwenye bucha aliyeinyima alionekana mchoyo kuliko aliyepandisha bei.

Na watu walinunua kidogo. Nusu kilo ilikuwa shughuli, robo ilikuwa kawaida. Robo hiyo iliingia kwenye sufuria ya viazi, ndizi mbichi au maharagwe ili watu wanane wapate mchuzi wenye harufu ya nyama, baba akipewa vipande na watoto wakigombea mfupa. Ilifungwa kwa gazeti au karatasi ya kaki, damu ikilowesha habari za wiki iliyopita kabla mtoto hajafika nyumbani. Wengine walikuja na sufuria yao. Maini yaliwekwa kando kwa mama mjamzito au mtoto aliyetoka hospitali akiwa amepungukiwa damu, na hili halikuhitaji barua ya daktari.

Palikuwa na daftari pia. Lilikaa kwenye droo pamoja na visu, kurasa zake zimeganda mafuta. Mwalimu alikopa hadi mwisho wa mwezi kwa kuwa mshahara wake ulijulikana. Mkulima wa kahawa alikopa hadi chama cha ushirika kilipe, jambo lililoweza kuchukua miezi, na mkulima wa chai akasubiri bonasi ya kila mwaka. Kwa hiyo kalenda ya bucha ilifuata kalenda ya mazao. Baridi kali ilipounguza kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapaa na kufikia kilele mwaka 1977, na wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya wakashika fedha ambazo hawakuwahi kuzishika. Madaftari yalilipwa. Bei ilipoporomoka baadaye, hasa baada ya mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, yalijaa tena, na mwenye bucha ambaye hakuweza kumkatalia jirani yake alifunga mlango. Historia ya kahawa ya Embu imeandikwa kwa hesabu za viwanda na vyama. Ingeweza kuandikwa vilevile kwa madaftari hayo.

Serikali nayo ilikuwa na mkono wake. Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950, ikiwa na kiwanda Athi River, na ilishika soko la Nairobi na biashara ya nje, huku miji kama Embu ikiachiwa vichinjio vyake. Bei ya rejareja ilipangwa na serikali hadi nusu ya pili ya miaka ya 1980. Matokeo yake kila mteja aliyaona: bei ikifungwa, mfupa huongezeka. Wateja wakubwa hawakupita dirishani. Shule za bweni, hospitali na magereza vilinunua kwa tenda, na aliyepata tenda kama hiyo alijua ng'ombe wake wanakwenda wapi mwaka mzima.

Chumba cha nyuma kilikuwa na moto wa makaa. Mteja alichagua kipande dirishani, kikapimwa, kikaenda nyuma na kurudi kimekatwakatwa juu ya ubao, na chumvi pembeni. Kando ya jiko mtura ulikuwa unageuzwa, utumbo uliojazwa damu, mafuta na mabaki ya nyama yaliyokatwa vidogo. Hakuna kilichotupwa. Wale wanaoamini nyama choma ni uvumbuzi wa baa za Nairobi wangekaa siku moja kwenye bucha ya zamani ya Runyenjes.

Mabadiliko ya bucha hayakutupata sisi peke yetu. Marekani pia kila duka la vyakula lilikuwa na mkataji wake, vumbi la mbao sakafuni na nusu za ng'ombe zimetundikwa chumba cha baridi. Mwaka 1967 kampuni ya IBP huko Dakota City, jimbo la Nebraska, ilianza kumkata ng'ombe kiwandani na kumsafirisha vipande vipande ndani ya maboksi. Duka halikuhitaji tena mtu anayejua kumshusha ng'ombe mzima, na ufundi wa vizazi ukahama kutoka mtaani. Embu bado nyama inauzwa ikining'inia dirishani. Hiyo ni mali tusiyoihesabu.

Friji iliingia taratibu, umeme ulipoyafikia masoko, halafu zikaja supamaketi na kaunta zao za kioo. Sina ugomvi na ubaridi. Umeokoa nyama nyingi na matumbo mengi. Lakini umeondoa lile swali la kwanza, leo amechinja nani, kwa kuwa nyama ya friji haina siku. Julai 2019 runinga ya NTV ilirusha makala ya uchunguzi kuhusu nyama ya supamaketi jijini Nairobi iliyotiwa sodiamu metabaisalfaiti ili ibaki nyekundu kana kwamba imechinjwa asubuhi. Wakenya walishtuka. Wiki hizo watu walirudi kwenye bucha za mtaani, kwa mtu wanayemjua jina, na walisema wazi kwamba wanataka kuiona nyama kabla haijakatwa. Kabla ya hapo, mwaka 2006 na 2007, homa ya Bonde la Ufa iliwafanya watu waiogope nyama nyekundu kabisa, na swali lililowarudisha dirishani lilikuwa kama mhuri upo.

Wala zamani haikuwa pepo. Nzi walikuwapo. Wino wa gazeti uliliwa. Hatari kubwa ilikuwa nyama iliyokwepa kichinjio, ng'ombe aliyekufa mwenyewe akachunwa kichakani na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kimeta kimeua watu Kenya kwa njia hiyo hadi karne hii. Hofu ya nyama ya punda ilipoenea, nayo ilitokana na nyama isiyokaguliwa. Kila mara tatizo lilikuwa jicho la mkaguzi kukosa mahali pa kutazama. Sasa vichinjio viko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013, na ningependa kuona fedha zikienda kwa wakaguzi, pikipiki zao na maji ya kichinjioni kabla hazijaenda kwenye majengo ya kukatiwa utepe.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na karatasi ya kaki ikarudi dirishani. Kilo ya nyama ya ng'ombe imepita shilingi 500. Na kila Desemba, katika vijiji vya Embu, majirani waliokuwa wakichanga kidogo kidogo tangu mwanzoni mwa mwaka hununua fahali wao. Wanamwita mkaguzi. Nyama hupangwa mafungu sawa juu ya majani ya mgomba, kila fungu na paja lake, mbavu zake, mfupa wake na kipande cha ini, na atakayekuta fungu lake limepungua husema papo hapo, mafungu yakapangwa upya wote wakitazama. Kichwa na miguu hupikwa siku hiyohiyo kwa waliofanya kazi.